Pistoni nyepesi na kubalansi injini ya 22R: uzito ulingane kwanza, kupungua baadaye

Swali la msomaji wa Dodoma:

"Nina Hilux ya zamani yenye injini ya petroli ya 22R, ya silinda nne. Nabeba zabibu kutoka Hombolo kuja mjini, na mara moja au mbili kwa mwezi napeleka mzigo Dar es Salaam. Injini inakula oili, na nikifika mwendo wa kilomita 90 gari linatetemeka mpaka dashibodi inalia. Nimeamua kufanya ovahoo kamili. Fundi mmoja ananishauri ninunue pistoni nyepesi za foji (za kufua, si za kumiminwa). Mwingine anasema atazitoa nyama pistoni za kawaida kwenye lezi (mashine ya kukereza) ili injini iwe na mbio. Tena nimeambiwa nikibadili tu uzito wa pistoni, lazima krenki iende Dar kubalansiwa. Kipi ni kweli, na pesa yangu niiweke wapi?"

Jibu:

Ndugu yangu, kwa kazi yako nunua seti moja ya pistoni za kawaida zenye ubora, zote nne za saizi moja, kisha zipimwe na kulinganishwa uzito hadi tofauti isizidi gramu 1. Pesa ambayo ungeiweka kwenye foji itie kwenye kuchonga silinda kwa vipimo vya uhakika na kubalansi krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) pamoja na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) na klachi. Anayetaka kuzitoa nyama pistoni zako kwenye lezi, usimpe kazi hiyo kabisa. Sababu utaiona mbele. Na hilo la krenki lina ukweli nusu.

Lakini kabla hujafungua hata boliti moja, tafuta mtetemo unatoka wapi. Ukishashusha injini, nafasi hiyo umeipoteza. Simamisha gari, weka gia huru, na upandishe injini taratibu hadi mizunguko 3,000 kwa dakika. Kama mtetemo unakuja hapohapo gari likiwa limesimama, chanzo kiko kwenye injini au klachi. Kama haupo, na unautambua tu barabarani ukiwa kwenye kilomita 90, angalia magurudumu, krosi za propela (shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) na beringi ya katikati ya propela, na uiache injini ya watu. Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka na tupu, kama ile ya kuelekea Manyoni, toa gia ukiwa kwenye 90 injini ikiendelea kuwaka, uliache gari lijiendee. Likiendelea kutetemeka injini ikiwa sailensa (ikinguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta), injini haina kosa.

Kipimo cha tatu ni cha klachi. Gari limesimama, mizunguko 3,000, kanyaga klachi hadi chini. Mtetemo ukikatika, kosa liko kwenye disiki ya klachi au shafti ya kuingilia gia boksi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyosimama ukikanyaga. Ukibaki vilevile, kosa liko kwenye vitu vinavyozunguka na krenki: flaiwili, presha pleti (bamba linaloibana disiki ya klachi), puli ya mbele, au pistoni na kondrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zenyewe. Angalia pia maunti (vishikizo vya mpira) za injini na ya gia boksi. Maunti iliyokatika mpira huupeleka mtetemo wa kawaida moja kwa moja kwenye chesisi, na dashibodi italia hata kama injini imebalansiwa vizuri.

Mtetemo wa sailensa ni habari nyingine. Injini inayotikisika ikiwa imetulia na kunyooka ikipanda kwa kawaida inakosa moto kwenye silinda moja, au kompresheni imetofautiana. Kutobalansi hufanya kinyume: kwenye sailensa husikii kitu, na kadiri mizunguko inavyopanda ndivyo kunavyozidi, tena kwa kipeo cha pili. Mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu ya mtikisiko inaongezeka mara nne.

Sasa tuingie kwenye uzito wenyewe. 22R ina silinda za kipenyo cha milimita 92 na stroki ya milimita 89, hivyo shingo ya krenki (pale inaposhikwa na kondrodi) iko milimita 44.5 kutoka katikati. Kondrodi yake ina urefu wa milimita 148. Kwa vipimo hivyo, pistoni inapofika juu kabisa kwenye mizunguko 5,000 na kulazimika kugeuka kurudi chini, kila gramu 100 za uzito wake huivuta kondrodi kwa nguvu ya kama nyutoni 1,590, sawa na mzigo wa kilo 160. Kwenye mizunguko 3,000, ambako wewe unaishi siku nzima, gramu hizohizo 100 huvuta kama kilo 58. Tofauti hii ndiyo inayoamua swali lako. Pistoni nyepesi inaipumzisha kondrodi, boliti zake na metali zake (beringi laini za kichwa kikubwa), na hilo ni kweli, ila faida yake kubwa iko juu huko ambako injini ya mashindano hukaa. Gari la mzigo linalopanda vilima vya Kondoa kwa gia ya pili halifiki huko, na likifika ni kwa sekunde chache.

Sasa chukua pistoni moja iliyozidi wenzake kwa gramu 20. Kwenye mizunguko 3,000 inaleta mvuto wa ziada wa kama kilo 11 au 12, unaokuja na kuondoka mara 50 kila sekunde, na hakuna pistoni ya kuukabili. Kwenye 5,000 inakuwa kilo 32. Gramu 20 zinapatikana kirahisi sana mitaani. Silinda moja imekwaruzika, fundi anaichonga hiyo moja tu kwenda 0.50 (nusu milimita zaidi) na kuacha tatu za standadi (saizi ya asili). Au pistoni moja imepasuka, inatafutwa nyingine ya kampuni tofauti "inayofanana". Ukishusha injini yako, usishangae kukuta jambo la namna hiyo ndilo lililokuwa linakutetemesha. Kama silinda moja imeharibika kupita saizi kubwa zaidi inayopatikana, itiwe silivu (ukuta mpya wa silinda) na irudishwe kwenye saizi ya wenzake. Zote nne zitoke saizi moja, seti moja, boksi moja.

Kuna mtetemo mmoja ambao hakuna mashine ya balansi itakayouondoa kwenye injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja. Pistoni namba 1 na 4 zinapanda wakati namba 2 na 3 zinashuka, na kwa kiasi kikubwa zinafutana. Lakini kwa sababu kondrodi inalala upande, pistoni iliyo juu hugeuka kwa kasi kuliko iliyo chini, na hiyo tofauti hujumlika kwa pistoni zote nne na kuitikisa injini mara mbili kwa kila mzunguko. Kwenye mizunguko 3,000 ni mara 100 kwa sekunde, na ule mvumo wa ndani ya kabini unaousikia kwenye 22R nzima ndio huo. Hapa ndipo pistoni nyepesi ina haki yake: ukipunguza gramu 100 kwa kila pistoni, mtikisiko huu unapungua kwa kama kilo 54 kwenye mizunguko hiyo. Watengenezaji wengine waliamua kuutatua kwa shafti za balansi (shafti za ziada zenye uzito wa kuukabili mtikisiko), kama ilivyo kwenye Mitsubishi 4D56 ya Pajero na L200, au Toyota 3RZ. Ukiwa na 4D56, ule mkanda mdogo wa shafti za balansi ubadilishwe kila ubadilishapo mkanda wa taimingi, kwa maana ukikatika huingia kwenye mkanda mkubwa na vavu zinakutana na pistoni.

Turudi dukani. Utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni pistoni za kusubiwa (za kumiminwa kwenye kalibu) za kawaida, aluminiamu yenye silikoni, kama alizotoka nazo Toyota. Ya pili ni za kusubiwa zenye silikoni nyingi zaidi, kama asilimia 16 hadi 18; hizi ni ngumu, hazitanuki sana, na haziliki upesi kwenye mifereji ya ringi, ila zikipata kunoki kukali (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) hupasuka badala ya kupinda. Ya tatu ni za kufua, ndizo hizo foji. Nazo zina aloi (mchanganyiko wa madini) za aina mbili, na muuzaji akishindwa kukwambia ni ipi, usinunue. Aloi ya 4032 ina silikoni kama asilimia 12 na hutanuka kidogo. Aloi ya 2618 haina karibu silikoni yoyote, inavumilia kipigo na joto kali, lakini hutanuka sana na sketi yake (ubavu wa chini wa pistoni) inalika haraka.

Hiyo tabia ya kutanuka ndiyo inayoua injini za watu wanaonunua foji bila kujua. Chuma cha bloku hutanuka kama nusu tu ya aluminiamu kwa joto lilelile. Kwa silinda ya milimita 92, pistoni ya 2618 huhitaji nafasi ya kama milimita 0.08 hadi 0.10 kati ya sketi na ukuta, wakati ya kusubiwa yenye silikoni nyingi inakaa kwenye kama 0.03 hadi 0.05. Fundi akiifunga 2618 kwa nafasi ya pistoni ya Toyota, itashika silinda siku ya kwanza injini inapopata joto. Akiifunga kwa nafasi yake sahihi, itakuwa inagonga kila asubuhi mpaka ipate moto, na sketi inayochezacheza inaachia mwanya kwa ringi. Ongeza vumbi letu la kiangazi, kuanzia Juni hadi Novemba, kwenye barabara ya Hombolo: sketi laini na vumbi la mchanga haviishi pamoja muda mrefu. Kwa gari la mzigo hapa kwetu, pistoni ya kusubiwa yenye sketi ndefu inaishi miaka mingi zaidi kuliko foji fupi.

Ukiwa bado una hamu ya wepesi, chagua pistoni ambayo imezaliwa nyepesi kiwandani, iwe 4032, yenye urefu uleule kutoka katikati ya pini hadi kichwani kama ya asili. Hicho kipimo usikipuuze. Nyingi za pistoni nyepesi zimepata wepesi kwa kufupishwa, na ikipungua milimita moja hapo, pistoni haifiki juu ya bloku, kompresheni inashuka, na gari litakuwa zito kuliko ulivyolileta.

Na hapa nieleze kwa nini lezi ya fundi wako ni hatari. Pistoni nyepesi ya kiwandani imepunguzwa kwa mahesabu: kuta zimepunguzwa ambapo hazibebi kitu, na kuachwa nene chini ya kichwa, kwenye masikio ya pini na nyuma ya mifereji ya ringi. Pistoni ya kawaida ukiichonga kwa ndani, unachokata ni njia ya joto kutoka kichwani kwenda kwenye ringi na sketi. Kichwa kinapata joto, mafuta yanawaka kabla ya wakati, injini inanoki, na tundu linatokea katikati ya pistoni mahali fulani kati ya Gairo na Morogoro ukiwa na tani moja ya zabibu juu. Wengine hutoboa matundu kwenye sketi. Ufa huanzia kwenye tundu la kwanza.

Jambo moja la Dodoma ulijue unapopanga kompresheni. Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 88 ya ile ya pwani. Injini inavuta hewa kidogo, inapungukiwa nguvu, na pia inanoki kwa shida. Mtu anaweza kushawishika kupunguza hedi au kutafuta pistoni yenye kichwa cha kunyanyuka kufidia. Kama gari lingebaki hapa milele ningekubaliana naye. Wewe unashuka Dar, ambako hewa ni nzito na joto la barabarani si mchezo, na injini ambayo haikunoki Dodoma itanoki Chalinze. Baki na uwiano wa asili.

Sasa kulinganisha uzito, kazi ambayo mnaweza kuifanya wenyewe hapohapo Dodoma bila mashine kubwa. Tafuta mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.1 na kubeba kilo 2 au zaidi. Mizani ndogo ya sonara haitoshi kwa kondrodi nzima, lakini kwa pistoni na pini inafaa. Iweke juu ya meza iliyotulia, mbali na feni na upepo wa mlangoni. Pima kitu kilekile mara tatu. Kama majibu yanatofautiana kwa zaidi ya gramu 0.2, hiyo mizani haikusaidii.

Osha kila kitu na kukikausha, maana oili iliyobaki kwenye mifereji inatosha kukudanganya. Pima pistoni tupu nne na pini nne, andika kwa kalamu isiyofutika. Tuseme umepata pistoni 478.2, 480.9, 477.6 na 483.1, na pini 131.0, 129.4, 130.2 na 128.8. Ukizifunga ovyo, tofauti inaweza kuzidi gramu 7. Lakini pini za 22R zinaelea na kushikwa kwa klipu, kwa hiyo pini mpya zinaweza kuhamishwa. Oanisha pistoni nzito zaidi na pini nyepesi zaidi, na kuendelea hivyo: 483.1 na 128.8 zinakupa 611.9, 480.9 na 129.4 zinakupa 610.3, 478.2 na 130.2 zinakupa 608.4, 477.6 na 131.0 zinakupa 608.6. Tofauti imeshuka hadi gramu 3.5 na hujagusa tupa. Ndiyo maana nasema penseli kwanza, tupa baadaye. Na kama pistoni za boksi moja zimetofautiana kuzidi hizi za mfano zikiwa tupu, zirudishe dukani. Kiwanda kilichoshindwa kulinganisha uzito usikiamini kwenye kipenyo.

Kinachobaki unakipunguza kufuata iliyo nyepesi kuliko zote, hapa ni 608.4. Gramu 3.5 za aluminiamu ni kama sentimita za ujazo 1.3, si kidogo, kwa hiyo usizitoe sehemu moja. Ndani ya pistoni, chini ya masikio ya pini na kwenye ukingo wa chini wa sketi upande wa ndani, kiwanda huacha nyama ya ziada kwa kazi hiyohiyo. Toa hapo kidogokidogo, nusu upande huu na nusu upande ule, puliza vumbi, pima, rudia. Chini ya kichwa usiguse, nyuma ya mifereji ya ringi usiguse, nje ya sketi usiguse kamwe. Malizia kwa msasa wa 240 na kisha 400 ili usiache mkwaruzo mkali, kwani ufa hupenda kuanzia hapo. Ringi na klipu nazo zipime kwa seti, ingawa kwa kawaida hazitofautiani sana.

Kondrodi ndizo zinazorukwa na mafundi wengi. Kondrodi mbili zenye uzito sawa zinaweza kuwa na mgawanyo tofauti: moja nzito kwenye kichwa kikubwa, nyingine kwenye kidogo. Kichwa kikubwa kinazunguka na krenki, kidogo kinapanda na kushuka na pistoni, kwa hiyo lazima kila upande ulingane na wenzake. Tengeneza kijistendi: kichwa kidogo kikae kwenye pini laini iliyoning'inizwa kwa uzi au mnyororo mwembamba uliosimama wima, kichwa kikubwa kilale kwenye kipande cha mviringo juu ya mizani, na kondrodi iwe sawa kabisa kwa timazi ya maji. Soma. Geuza, upime kichwa kidogo kwa njia hiyohiyo. Ukijumlisha namba mbili lazima upate uzito wa kondrodi nzima. Ukikosa kwa zaidi ya nusu gramu, stendi yako ina msuguano au kondrodi haikuwa sawa. Punguza kwenye kile kinundu cha juu ya kichwa kidogo na kinundu cha chini ya kifuniko cha kichwa kikubwa, hadi kila upande uwe ndani ya gramu 1. Kwenye mwili wa kondrodi na karibu na boliti usiguse. Na vifuniko visibadilishane: kila kifuniko kilichongwa pamoja na kondrodi yake, namba zikutane upande mmoja. Kifuniko kilichohamishwa kinaila metali ndani ya wiki chache hata kama uzito umelingana.

Ukimaliza, zipange. Kama umebakiwa na tofauti ndogo, weka nzito zaidi na nyepesi zaidi kwenye silinda za katikati, namba 2 na 3, na zile mbili za kati kwenye 1 na 4. Hivyo jumla ya jozi mbili zinakaribiana, na tofauti kubwa inakaa karibu na katikati ya krenki ambako haina mkono mrefu wa kuitikisa injini.

Kuhusu krenki, ukweli ule nusu ni huu. Kwenye injini ya nne mstari au sita mstari, kubadili uzito wa pistoni zote kwa pamoja hakuharibu balansi ya krenki, maana shingo zake zimepangwa zikabiliane zenyewe. Ndiyo maana inabalansiwa tupu, bila kutundikiwa chochote. Injini za V, kama V6 za Toyota au V8 za Land Rover, ni tofauti: vipande vizito vya krenki vimehesabiwa kwa uzito wa pistoni, ringi, pini, kondrodi na metali, na ukibadilisha pistoni bila kubalansi upya kwa uzito wa kuiga uliofungwa kwenye shingo, umeiharibu. Huko lazima upeleke seti moja kamili ya vitu hivyo pamoja na krenki.

Hata hivyo 22R yako nashauri uipeleke, kwa sababu nyingine. Krenki ya umri huu pengine imesagwa zaidi ya mara moja, flaiwili imechongwa uso, na presha pleti imebadilishwa mara kadhaa bila mtu kuipima. Presha pleti iliyozidi gramu 10 upande mmoja, sentimita 13 kutoka katikati, inaleta mvuto wa kama kilo 13 kwenye mizunguko 3,000. Hiyo inashinda pistoni iliyozidi gramu 20. Kama kipimo cha klachi kilionyesha mtetemo unabaki, hapa ndipo ningetazama kwanza.

Mpangilio wa kazi uwe hivi: krenki ipimwe nyufa kwa sumaku, kisha ipimwe kama imepinda, ikizungushwa juu ya vitalu vya V na geji ya saa kwenye shingo ya katikati, isizidi milimita 0.05. Isagwe kama inahitaji. Balansi ije mwisho, kwa sababu kunyoosha na kusaga vyote vinaibadili. Peleka krenki, gia yake na ufunguo wake, puli ya mbele na boliti yake, flaiwili na boliti zake, na presha pleti. Pistoni zibaki nyumbani. Safirisha krenki ikiwa imesimama au imelala kwenye kitanda laini kinachoibeba sehemu nyingi, shingo zimefungwa kwa kitambaa chenye oili. Usiitupe sakafuni mwa basi chini ya magunia.

Mwambie mwenye mashine aanze na krenki peke yake, kisha aongeze puli, kisha flaiwili, kisha presha pleti, kila kimoja kisahihishwe chenyewe. Akizibalansi zote kwa pamoja na kutoboa krenki kufidia kosa la presha pleti, siku utakayobadili klachi mtetemo utarudi. Omba karatasi ya namba kabla na baada, kwa ncha zote mbili. Lenga chini ya gramu-milimita 100 kila upande, yaani gramu 1 ikiwa sentimita 10 kutoka katikati. Tundu la kipenyo cha milimita 10 lenye kina cha milimita 10 huondoa kama gramu 6 za chuma, kwa hiyo ukiona krenki imerudi na matundu makubwa matano upande mmoja, uliza maswali. Presha pleti na flaiwili zigongwe alama zikiwa pamoja. Kama puli yako ina mpira kati ya kitovu na pete ya nje, angalia kama mpira umepasuka au pete imetembea. Ikiwa hivyo ni ya kubadilisha, haibalansiki. Flaiwili usiipunguze uzito. Ndiyo inayokusaidia kung'oa gari lenye mzigo kwenye mchanga bila kuzima.

Kwenye kuchonga silinda nitasema machache, ila ni ya lazima. Pistoni mpya zinunuliwe kwanza, ndipo silinda zichongwe kuzifuata, siyo kinyume chake. Kila pistoni ipimwe kwa maikromita kwenye sketi, mkabala na pini, kwa urefu ulioandikwa kwenye karatasi yake, na silinda yake ihoniwe (isuguliwe kwa mawe ya kuhoni) kwa nafasi ya karatasi hiyo. Baada ya hapo bloku ioshwe kwa maji ya moto na sabuni na brashi, siyo petroli peke yake. Petroli huacha unga wa jiwe la kuhoni ndani ya mistari. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili hadi kitoke cheupe. Mwanya wa ringi ya kwanza, kama karatasi haikusema vinginevyo, uwe kama milimita 0.37 kwa silinda hii. Ukibana zaidi, ncha zinakutana injini ikipata joto, na ringi au kuta za mfereji zinavunjika.

Nafasi ya oili kwenye metali kuu na za kondrodi ipimwe kwa plastigeji (uzi laini unaobanwa kisha hupimwa upana wake), kati ya milimita 0.025 na 0.055. Vifuniko vya metali kuu vikazwe kwa nyutoni-mita 103, vya kondrodi 69, flaiwili 108, hedi 78, kwa hatua tatu na kwa toki renchi. Badilisha mnyororo wa taimingi na reli zake za plastiki wakati huohuo. Reli zikikatika, mnyororo hupiga kava na mlio wake wa asubuhi watu huudhania pistoni, na mwisho hutoboa kava na maji yanaingia kwenye oili. Kwenye rejeta tia kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, siyo ya kisima; maji yetu magumu yanaacha magamba kwenye njia za maji, na pistoni mpya yenye nafasi ndogo haivumilii injini iliyopata moto kupita kiasi hata mara moja. Boksi la hewa lifunge bila mwanya, mpira wake uwe mzima.

Siku ya kuwasha, zungusha injini plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi. Kilomita 500 za kwanza usiivute gia kubwa kwa mzigo wala usiikalishe kwenye mwendo mmoja. Ipandishe na kuishusha ili ringi zikae. Safari moja ya Dar ni kama kilomita 450, hivyo mwaga oili kabla ya kuianza, usingoje urudi. Kisha rudia kipimo kilekile ulichofanya kabla ya kuifungua: gari limesimama, gia huru, mizunguko 3,000, klachi juu na klachi chini. Mtetemo ukiwa umebaki hata klachi ikikanyagwa, usikimbilie pistoni. Shusha gia boksi uangalie kama alama za presha pleti na flaiwili zimekutana, kwani hapo ndipo wengi hukosea siku ya kufunga.